Kulala kwa adhana ya Isha: shajara ya mradi wa usingizi, Tanga

Januari 2025, wiki ya tatu

Kikundi cha wazazi wa watoto wenye ulemavu kimepitisha kwamba mwaka huu tushughulike na usiku. Kwenye kikao cha kufunga mwaka kila mzazi aliulizwa ni jambo gani linalomchosha zaidi. Awe na mtoto mwenye usonji (autism), mtindio wa ubongo, kifafa au Down Syndrome, karibu kila mmoja alirudi palepale: mtoto halali, na nyumba nzima hailali. Mama wa Ngamiani anakaanga maandazi ya kuuza tangu saa kumi alfajiri. Alisema kuna siku anasimama mbele ya karai akiwa hajafumba jicho, na mafuta ya moto hayamwonei huruma mtu anayesinzia.

Mimi ni mhudumu wa utengamao, yaani wa kuwasaidia watoto hawa kumudu maisha ya kila siku, na uandishi wa shajara umeangukia kwangu. Familia 9 zimekubali kuanza. Majina hayataandikwa humu, kila mtoto atajulikana kwa mtaa wake.

Tunaanza na daftari, ushauri utafuata. Kila nyumba imepewa daftari la shule nililolichora mistari: mtoto alipanda kitandani saa ngapi, usingizi ulimshika saa ngapi, aliamka mara ngapi, mchana alilala kwa muda gani, jioni alikula na kunywa nini, nani alikuwa naye. Wiki mbili, bila kubadili chochote. Wapo walionung'unika, wanataka dawa leo. Lakini mzazi aliyechoka huukumbuka usiku mmoja mbaya kuliko yote akauita "kila siku", na sisi tunahitaji kujua kama tatizo ni kuchelewa kulala, kuamka katikati, au kuamka kabla ya majogoo. Kila moja lina dawa yake.

Wengi wameuliza mtoto anatakiwa alale kiasi gani. Wataalamu wa usingizi wa Marekani waliafikiana mwaka 2016 kwamba wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo, na wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Nimeviandika kwenye jalada la kila daftari.

Februari, mwanzoni

Madaftari yamerudi, mengine yana madoa ya mchuzi, moja limeandikwa na kaka wa mtoto kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Katika nyumba 9, ni moja tu ambamo mtoto ana chumba chake. Kwingine kote ni chumba kimoja au viwili, kitanda cha mama, godoro la watoto chini, runinga ukutani. Vitabu vingi vya malezi vinaanza na "mpeleke mtoto chumbani kwake, zima taa, ufunge mlango". Hapa mlango ni pazia, na taa ikizimwa, kaka wa kidato cha pili hana pa kusomea. Ushauri wa namna hiyo nimeuweka pembeni, hauna nyumba ya kuingia.

Madaftari yanaonyesha pia chai ya rangi ya saa mbili usiku, ambayo wengi hawaihesabu kuwa na kafeini. Soda nyeusi ipo. Simu anayopewa mtoto ili anyamaze ipo karibu kila ukurasa. Na upo usingizi mrefu wa alasiri, saa tatu nzima kwa kijana wa Mwanzange, kwa sababu hana shule ya kumpokea na joto la Februari linamwangusha. Aliyelala hadi magharibi usiku atalala saa ngapi?

Februari, wiki ya pili: mwili kwanza

Nimekataa kugusa ratiba ya mtoto yeyote kabla ya kuangalia mwili wake. Mtoto asiyesema hawezi kukwambia kwamba anaumwa, atalia tu, na watu watasema ni "tabia ya hali yake".

*Mvulana wa Duga*, miaka 5, ana Down Syndrome. Mama aliandika: "Analala amekaa, kichwa kimeinama mbele hadi kwenye miguu." Nimemwomba amrekodi kwa simu akiwa usingizini. Anakoroma, kisha kimya, kifua kinavutwa na hewa haipiti, kisha anashtuka kama aliyezamia baharini na kuibuka. Hiyo ni njia ya hewa inayojifunga usingizini. Kwa watoto wa Down ni jambo la kawaida mno: misuli ya koo imelegea, mdomo ni mdogo, mara nyingi tezi za koo na nyama za nyuma ya pua zimevimba. Hakuna wimbo wala picha ya ukutani itakayomtibu. Ameandikiwa rufaa ya daktari wa masikio, pua na koo, na video imekwenda naye.

Mama huyohuyo alikuwa akimpa dawa ya mafua yenye kulewesha ili apate usingizi, na katika nyumba 9 hakuwa peke yake. Nimelisema mbele ya wote bila kumtaja mtu: dawa hizi si za kulazia mtoto. Promethazini, iliyomo kwenye baadhi ya dawa hizo, haitakiwi kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2, kwa kuwa inaweza kuzimisha pumzi, na kwa anayekoroma namna ya mvulana wa Duga hatari ni kubwa zaidi, umri wowote.

*Binti wa Makorora*, miaka 6, ana usonji. Anaamka saa sita, saa saba, anajikuna makalio na kulia. Minyoo midogo ya sindano. Jike hutoka usiku kutaga mayai kwenye njia ya haja kubwa, ndiyo maana mchana mtoto hana shida. Nyumba nzima imekunywa dawa, watarudia baada ya wiki mbili, kucha zimekatwa, mashuka yamefuliwa kwa maji ya moto. Usiku wa kuamka umepungua kabla hatujafundisha lolote. Bibi yake alitutazama na kusema, "Wanangu, mlikuja na makaratasi yote haya, kumbe minyoo."

*Mtoto wa Msambweni*, miaka 4, ana mtindio wa ubongo, misuli imekaza. Hawezi kujigeuza. Fikiria kulala juu ya mkono wako uliokufa ganzi huku huwezi kuutoa. Tumemlaza ubavu, khanga iliyokunjwa kama gogo katikati ya magoti, nyingine nyuma ya mgongo, mto mdogo chini ya kichwa ili shingo isipinde. Chakula cha mwisho kimerudishwa nyuma, na hawekwi chali mara tu baada ya kula kwa sababu uji unarudi kooni. Mama anamgeuza anapokwenda kulala yeye na tena anapoamka kwa haja. Choo kigumu nacho kimo kwenye orodha: papai, maji, na kukandwa tumbo.

*Kijana wa Mwanzange* ana kifafa na anakunywa fenobabitoni. Kifafa na usingizi ni mduara mbaya: kukosa usingizi huleta degedege, na degedege za usiku huvunja usingizi. Halafu dawa hii, inayowalegeza wengi, baadhi ya watoto huwafanya wasitulie. Mama alitaka kuiacha. Hapana, dawa ya kifafa haiachwi ghafla. Amerudi kliniki na daftari mkononi, na wamebadilisha saa ya kumeza.

Februari, mwishoni: mpangilio wa jioni

Sasa ratiba. Nilikwenda kwa wazazi na saa za ukutani kichwani, wao wakanirudisha kwenye adhana. Tanga jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka mzima, tofauti ni kama nusu saa tu. Kwa hiyo Magharibi na Isha ni saa ambayo mtoto anaisikia hata kama hajui kusoma wala kuhesabu, haiishi betri, na mtaa mzima unaifuata. Familia mbili za Kikristo nazo zimesema zitumie hizohizo, kwani spika ya msikiti haichagui dirisha.

Basi mpangilio ni huu. Magharibi ikiadhiniwa, simu zote zinatoka mikononi mwa mtoto na anakula. Baada ya chakula anaoga maji ya uvuguvugu. Maji hayo huifungua mishipa ya ngozi, mwili ukatoa joto lake, na mwili unaopoa ndio unaokaribisha usingizi. Kisha mafuta ya nazi, mswaki, chandarua. Isha ikiadhiniwa, chandarua kimeshachomekwa na yeye yumo ndani. Mfuatano haubadiliki, hata kama saa itasogea.

Kuhusu mwanga: ubongo hutoa homoni ya usingizi, melatonini, giza linapoingia, na mwanga mweupe wa simu na balbu za siku hizi huuambia kwamba bado ni mchana. Kuzima taa ya chumba kimoja hakuwezekani, kwa hiyo tumenunua balbu ndogo za rangi ya chungwa. Mwanafunzi anasogezewa taa ya meza iliyogeuziwa ukuta. Runinga ndiyo ilileta ugomvi. Baba wa Mabawa alisema taarifa ya habari haifi kwa ajili ya mtu mmoja. Wameafikiana igeuzwe upande na sauti ishushwe. Sijaridhika, lakini nyumba ni yao.

Kwa mtoto kiziwi wa Mabawa tumefanya kinyume. Taa ikizimwa kabisa haoni mikono ya mama yake, maana yake hana mtu wa kuzungumza naye. Alikuwa akipiga kelele gizani, watu wakasema ana mapepo. Balbu ya chungwa inabaki inawaka upande wa mama, na kabla ya kulala wanaonyeshana alama zilezile tatu.

Picha za mfuatano zimechorwa na fundi wa mabango kwenye vipande vya boksi: sahani, ndoo, mswaki, chandarua. Mtoto akimaliza jambo anageuza kipande. Choo kimesahauliwa kuchorwa, kitaongezwa.

Machi, Ramadhani

Mfuatano wote umevurugika, na nilitarajia. Futari, tarawehe, watoto mtaani hadi usiku, kisha ngoma ya daku. Binti wa Makorora anaziba masikio na kujigonga kichwa ngoma ikipita. Babu yake alikwenda kuwaomba vijana wa daku, wakakubali kunyamaza kwenye uchochoro ule na kuanza tena kwenye kona. Hawakuomba pesa wala barua.

Hatujadai ratiba ya Februari irudi. Tulichoshikilia ni kimoja, saa ya kuamka. Hata aliyelala saa tano anaamshwa asubuhi ileile na kutolewa nje juani. Jua la asubuhi ndilo linaloiweka saa ya mwili, kisha usiku unajifuata. Usingizi wa mchana unaruhusiwa, ila mfupi, na si baada ya Alasiri kuadhiniwa.

Aprili, masika

Umeme unakatika, feni hazizunguki, mbu wamejaa. Kijana wa usonji wa Chumbageni anatafuna chandarua. Chandarua chenye dawa si cha kutafunwa. Tumekiinua kwa fremu ya fito ili kisimguse uso, na anapewa kitambaa kigumu cha kutafuna jioni kabla hajaingia.

Wiki hii kimezuka tena kile kilio cha mablanketi mazito. Wazazi wameyaona kwenye video: mtoto anafunikwa blanketi lililojazwa shanga, analala mara moja. Mafundi wetu wawili wa cherehani walikuwa tayari kujaza mchele. Nimesema hapana, na sababu nimeziandika ukutani. Uingereza walilijaribu kwa watoto wenye usonji na matokeo yakachapishwa mwaka 2014: watoto na wazazi walilipenda, lakini usingizi uliopimwa kwa vifaa haukurefuka wala haukuja mapema zaidi. Na huko Quebec, Kanada, mwaka 2008 mtoto mwenye usonji alifariki akiwa amezongwa ndani ya blanketi la aina hiyo. Halafu ni Tanga! Masika, hakuna feni, na mtu anataka blanketi.

Wanaotulizwa na uzito wamepewa kitu kingine: mto mdogo wa kunde wa kuweka mapajani wakati wa hadithi, usiozidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mtoto, na unatolewa kabla hajalala. Kijana wa Chumbageni anautaka sana, anaufuata mwenyewe. Anayependa kubembezwa anabembezwa kwenye khanga na watu wazima wawili, polepole, mbele na nyuma, si kuzungushwa.

Mama wa Msambweni ameletewa kopo la peremende za melatonini na wifi yake aliye Marekani. "Dada, hizi si dawa, kule zinauzwa dukani kama vitafunio," aliniambia. Ndilo tatizo lenyewe. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walipima aina 25 za peremende hizo, na 22 zilikuwa na kiasi tofauti na kilichoandikwa kwenye lebo. Moja haikuwa na melatonini hata chembe. Melatonini yenyewe ina kazi yake, na Ulaya iliidhinisha mwaka 2018 kidonge maalumu kwa watoto wenye usonji ambao mbinu nyingine zimeshindwa, lakini kwa mkono wa daktari. Kopo limefungwa, litakwenda kliniki pamoja na mtoto.

Mei

Mawili ya mwezi huu yanastahili nafasi.

La kwanza ni msichana wa Usagara, miaka 9, haoni hata mwanga. Mama yake aliapa kwamba mwanawe ana wiki za malaika na wiki za shetani. Nilitandaza daftari la miezi mitatu sakafuni, kurasa kwa kurasa, na tukavuta kalamu nyekundu kwenye saa ya kushikwa na usingizi. Mstari ulikuwa unateleza: kila siku kidogo baadaye kuliko jana, hadi usingizi ukaangukia mchana, kisha ukazunguka kurudi usiku. Saa ya ndani ya mwili wa binadamu ni ndefu kidogo kuliko saa 24, na sisi wenye kuona tunarudishwa kwenye mstari kila asubuhi na mwanga. Yeye hana kinachomrudisha. Mama alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nampiga kwa jambo la jua."

Tumempangia vya kushika badala ya picha: kipande cha dodoki, mswaki, pindo la chandarua, vimefungwa kwenye kamba ya mkonge kwa mfuatano. Chakula, kuoga, matembezi na kuamka vyote kwa saa zilezile, bila siku ya mapumziko. Mambo haya husaidia, ingawa kwa wengine hayatoshi, kwa hiyo na yeye ana miadi ya daktari.

La pili ni kijana wa Chumbageni, yule wa chandarua. Alikuwa analazwa saa mbili na usingizi unamshika saa tano. Saa tatu za vita kila usiku. Kitanda kimekuwa uwanja wa kugombana, na mwili wake umejifunza hivyo. Tumemsogeza: asiingie kitandani hadi saa tano na nusu. Baba alinikazia macho. "Mwanangu wa miaka 7 akeshe kama mlinzi?" Nilimwomba avumilie. Anabaki sebuleni kwenye mwanga hafifu, hakuna simu, anapanga vizibo vyake. Akiingia chandarua na kushikwa na usingizi haraka kwa siku kadhaa mfululizo, tunarudi nyuma robo saa. Asubuhi anaamshwa saa kumi na mbili, alale asilale. Sasa wamefika saa tatu na nusu, na tumekubaliana tusimame hapo. Isha yake yeye ni ya kuanzia mpangilio, si ya kuumalizia.

Pamoja na hayo, bibi yake anajitoa taratibu. Zamani alilala naye mwili kwa mwili. Kisha mkono mgongoni tu. Kisha mkono pembeni ya mgongo. Sasa anakaa kwenye mkeka nje ya chandarua akivuta tasbihi. Ile njia ya kumwacha mtoto alie hadi achoke hatuitumii. Katika nyumba ya Kiswahili mtoto hawezi kulia robo saa bila majirani watatu kupiga hodi.

Juni, katikati

Hesabu ya nusu mwaka. Nyumba 6 zinasema usiku umebadilika, na madaftari yanakubaliana nazo. Kijana wa Mwanzange: degedege za usiku zimepungua tangu saa ya dawa ibadilike na usingizi wa alasiri ufupishwe. Mama wa maandazi bado anaamka saa kumi, ila ameamka kutoka usingizini.

Nyumba moja imejitoa, wamehamia Muheza. Mabawa ni nusu kwa nusu: mtoto kiziwi analala vizuri isipokuwa usiku wa harusi, na msimu huu ngoma ya baikoko ya mtaa wa pili haina likizo. Mvulana wa Duga bado yuko kwenye foleni ya upasuaji wa tezi. Analazwa ubavu, kichwa kimeinuliwa kidogo, na mama ameacha dawa ya mafua. Anakoroma vilevile. Kwake yeye mradi hauna la kujisifia hadi apate kitanda cha hospitali.

Matumizi: balbu, boksi na rangi, madaftari, nauli. Fito na kunde tulipewa bure. Balbu mbili zimeungua, tusinunue tena zile za bei ya chini.

Julai, mwanzoni

Kipupwe kimeingia na kila mtu analala vizuri, mtoto na mtu mzima, kwa hiyo mafanikio ya mwezi huu nayahesabu kwa tahadhari. Tutaona Januari joto likirudi.

Madaftari mapya yanakwenda Mikanjuni na Kwaminchi wiki ijayo, nyumba 12. Mistari nimeichora upya. Choo kimo kwenye picha. Safu ya "aliyekuwa naye" nimeigawa mara mbili: aliyemlaza mtoto, na saa ambazo mtu huyo mwenyewe alilala. Katika madaftari ya kwanza jina lililorudi kila ukurasa ni la mama, au bibi. Kikao kimeamua kwamba nyumba itakayojiunga safari hii itaje watu wawili wa kupokezana usiku kabla haijapewa daftari, na wa pili asiwe mtoto wa kike wa darasa la sita. Baba wa Chumbageni amejitolea kwenda kuongea na akina baba wa Kwaminchi. Ameomba abebe daftari la mwanawe, lile lenye saa tano na nusu, akawaonyeshe.